Hodi

Tuko watatu, Nkuhungu, na feni moja inayogoma.
Programu ya kwanza ilitaka dola kwa kila kichwa.
Chiduo akapiga hesabu nyuma ya risiti ya mafuta,
akaikunja, akaitia mfukoni, hakusema kitu.

Ya pili bure, ila nzito:
kwa mtandao wa Bahi, kijiti kimoja,
mshale ulijikokota kama punda mwenye madumu,
bonyeza leo, lifunguke kesho.

Ya tatu nyepesi. Nyepesi mno.
Nikaingia kwenye kompyuta ya Nesi Mbeleje, zahanati ya Mvumi,
mwenyewe hana habari. Nikaona
jina la mgonjwa, umri, majibu ya kipimo.
Nikatoka mbio, kama aliyefungua bafu lenye mtu.

Leo tumejaribu ya nne.
Si nzuri: rangi zinapauka, sauti hakuna,
na seva tutailea wenyewe, kwa umeme huu huu.
Lakini kabla ya kuingia inabisha,
inangoja.

Simu ikalia.
"Kuna kitu kinaniuliza hapa, nikikubali?"
"Ni mimi, sista."
"Basi karibu. Ila subiri kwanza, nifunge faili la watu."

Chiduo ameikunjua ile risiti,
ameandika chini ya hesabu: hii.