Mizizi Kwanza

Mibilinganya yangu ilianza kusinzia saa nne asubuhi.
Nikasema ni jua la Tanga, nikazidisha maji.
Kesho yake saa tatu. Keshokutwa, alfajiri,
imeinamisha vichwa kama wafiwa,
na udongo chini umelowa chapachapa.

Nyuma ya nyumba za reli, pale Mabawa,
tuko saba, na bomba moja linalokohoa.
Nikachuma jani, nikalifunga kwenye ncha ya leso,
nikaenda kupiga hodi kwenye matuta ya wenzangu,
mimi, niliyezoea kupigiwa.

Mama Semeni akasema: inzi weupe hao,
chemsha mwarobaini, tia sabuni ya mche,
nyunyiza jua likichwea, mchana utaibabua.
Kihiyo akasema majivu.
Kwa Kihiyo kila kitu ni majivu,
hata mtoto akikohoa.
Mwanamkasi, aliyeolewa hapa akitokea Moa,
aliyaonja maji ya bomba, akatema:
chumvi hii si ya leo.
Nilifanya yote. Nikanyunyiza, nikamwaga, nikaonja.
Mibilinganya ikalala.

Mhina hakusema neno.
Tulinuniana tangu Mfungo Sita, kwa sababu ya mpira wa maji;
sitaeleza. Haki ilikuwa yangu.
Alikuja na kijembe chake, hodi hakupiga,
akachimbua mmoja, taratibu,
kama anayemwondoa mtoto mkononi mwa mama aliyelala,
akausuuza kwenye ndoo yangu,
akauinua.

Mafundo. Mizizi mafundo matupu,
kama ukili uliosukwa na mtu mwenye hasira.
"Minyoo hiyo," akasema. "Jicho haliioni.
Mwaka juzi yangu ilikufa hivi hivi,
nikadhani ni mkono wangu.
Miche ulitoa wapi?"

Miche.
Mwenye kitalu ni mimi.
Machi, kabla ya masika, nilipita tuta kwa tuta
na sinia kichwani: chukua, chukua, hakuna deni,
kila mche na donge lake la udongo,
nimeufunika kwa jani la mgomba
kama chakula cha mzazi.
Miche mia na arobaini.
Nikanyamaza.
Mhina naye akanyamaza, akinisitiri.

Usiku ule nililihesabu dari.
Asubuhi nikawaita bombani, nikasema:
ng'oeni mmoja mmoja, mtazame chini.
Mama Semeni aliitazama mizizi, akanitazama mimi,
akairudia mizizi.
Kihiyo, siku hiyo tu, hakutaja majivu.
Mwanamkasi alisonya, akajitwika ndoo,
na salamu yangu hakuiitikia mpaka vuli.

Tulichoma siku mbili.
Mhina akaleta viroba vya makapi ya mkonge kutoka Pongwe,
yameoza, yananuka hata mbu walihama.
Mama Semeni akasia bangi mwitu kati ya matuta,
eti minyoo haiwezi harufu yake;
mjumbe akasikia jina tu, akaja na mgambo wawili,
akapewa ua anuse,
akaishia kuomba mche.
Nikauosha kwanza.

Matuta mengine yamepona. La kwangu bado.
Nimelipanda vitunguu, navipita kimyakimya,
sitaki kuvitia kiherehere.

Siku hizi kwetu hapokelewi mche wenye udongo.
Anayetoa huuosha mbele ya anayepewa,
huuinua juani, maji yakimchuruzika hadi kiwikoni,
na anayepewa hutazama, bila haraka, bila haya.

Juzi Mwanamkasi kaja na mpilipili mmoja, mbuzi,
kausimamisha kati ya uso wake na wangu.
Mizizi nyeupe, myembamba, imenyooka
kama mvi zilizochanwa.
Nilitazama sana. Alisubiri.
"Umeamkaje?" nikamwambia.