Ukurasa wa Tisa

Siku shule ilipofungwa, Mwalimu Wieczorek
alitukabidhi kitabu cha mazoezi:
kurasa sitini za kiangazi kizima.
"Asije akasahau," alisema.
Leo ni tarehe kumi na nane Julai
na Bogna yuko ukurasa wa tisa,
penye bata asiye na rangi
na doa la maziwa lililokaukia herufi.

Ana miaka sita na nusu.
Ukiisahau hiyo nusu, utakumbushwa.

Mimi hutengeneza tramu usiku.
Hurudi saa kumi na mbili asubuhi nikinuka grisi,
mama yake keshavaa viatu vya kazini.
Tunapishana mlangoni kama zamu mbili za karakana moja:
yeye ananipa mtoto, mimi nampa ufunguo.
Kisha tunabaki, mimi na Bogna na kitabu,
na joto la Łódź linalopanda ngazi hadi orofa ya nne
bila kupumzika.

Wanasema samaki mkunje angali mbichi.
Huyu wangu ni mbichi kweli,
ila anateleza.
Nikisema "soma", anaona kiu.
Nikisema "andika", penseli haina ncha;
ikichongwa, ncha ni kali mno;
ukali ukipungua, mkono unauma;
mkono ukipona, bata ana huzuni
na bata mwenye huzuni hahesabiwi.

Juzi nilifoka.
Niligonga meza, kijiko kikaruka.
Hakulia. Alikwenda akasimama dirishani
akawa anazisoma tramu kwa sauti ndogo, kunikomoa:
Saba. Kumi na mbili. Kumi na nne.
"Hiyo kumi na nne ina taa moja mbovu, Baba.
Hukuitengeneza."

Ilikuwa kweli.

Basi jana kitabu tulikiacha kimelala kifudifudi,
tukateremka kwa Mzee Ludwik, ambaye mcheri wake
umeegemea ukuta wa kiwanda cha nguo kilichokufa.
Akatuazima ndoo na mizani ya jikoni.
Bogna alitaka kujua cheri mia zina uzito gani.
Sikujua. Miaka arubaini na moja duniani, sikujua.
Tukahesabu; kwenye sitini na kitu akaja nyigu,
tukakimbia, tukaanza upya,
tukafika mia, na nilipogeuka kuchukua mizani
zikawa tisini na tatu.
"Zimekwenda ngapi?" niliuliza nikitazama mawingu,
kama mtu asiyefundisha.
Akatema kokwa kiganjani, akazipanga kwenye ukingo wa ndoo.
"Saba," akasema. "Lakini mbili ni zako."

Jioni tulipata chupa kumi na moja za jamu
na jiko lililonata kila mahali, hata kitasa.
Kila chupa ilitaka jina lake.
Aliandika mwenyewe, ulimi nje, shingo upande.
Ile S ya katikati, yenye kistari kichwani,
ikawa imegeuza mgongo
chupa ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne.
Niliuma mdomo. Nilifuta sakafu iliyokwisha kufutwa.
Chupa ya nane akasita.
Akachukua mfuko wa sukari, akatafuta S,
akaitazama kama mtu anayemtazama jirani
ambaye siku zote amemwita jina lisilo lake.
Akaandika.
Ile ya tisa pia ilikuwa sawa.
Ya kumi ikageuka tena; alikuwa amechoka.

Usiku, karakanani, nilifungua mkate wangu.
Ndani ya karatasi ya kufungia kulikuwa na maandishi ya penseli:
14, na neno "taa",
herufi ya mwisho imekosa nafasi ikakwea pembeni
kama abiria aliyechelewa.

Nimeacha mkate, nikaenda kutafuta balbu.

Bata bado hana rangi.
Mwalimu, ukiuliza mwezi wa tisa,
nitakwambia ukweli: ukurasa wa tisa.
Na nitakuletea chupa. Ya nane.