Kanyaga Mara Mbili

Kwa majuma matatu nilikanyaga mara mbili.
Ya kwanza ilizama kama mguu kwenye pumba,
ya pili ikapata mahali pa kukaa.
Nikajisemea: gari kuukuu,
hata mtu mzima huitwa mara mbili
ndipo aitike.

Mguu ulijifunza bila kuniuliza.
Tukateremka kutoka Newala
na magunia kumi na mawili ya korosho mgongoni,
gia ya pili ikinguruma,
nami nakanyaga, nakanyaga,
kama fundi cherehani mwenye sare za shule za watu.
Chilumba, utingo wangu, hakusema neno.
Ila mlango wa upande wake
haukufungwa tena. Aliushika kwa mkono,
nusu wazi,
na viatu alikuwa amevua.

Siku aliyokataa kupanda
ndipo nikaenda kwa Somoe Nampoto,
nyuma ya ghala la ushirika.

Somoe hakuuliza gari lina nini.
Aliingia, akawasha, akakanyaga, akatulia
mguu pale pale,
akihesabu kimoyomoyo huku midomo ikimcheza.
"Haishuki ikishikiliwa," akasema.
"Masta mzima. Lakini inabonyea kama andazi.
Huo ni upepo.
Kazi ni kujua mlango ulioingilia."

Boneti juu. Kikopo kile
mafuta yako chini ya mstari,
rangi ya chai iliyolala.
"Umeongeza mara ngapi?"
Mara nne.
"Na ulidhani yanakwenda wapi?
Injini hula mafuta, sawa.
Breki hainywi."

Sikuwa na jibu.
Nilitazama kuku wa jirani
akiparura mchanga mwekundu chini ya benchi.

Alilikuta nyuma, kushoto,
upande wa ndani wa tairi ambao huoshi
kwa kuwa hakuna anayeuona:
njia nyeusi ya unyevu, vumbi limeigandia.
Ndani ya ngoma, kwenye silinda ndogo,
raba ilikuwa na mpasuko
wa ukucha wa mtoto mchanga.
Hivyo tu.
Tani nzima ya korosho, watu wawili, mteremko wote ule,
vilikuwa vimening'inia hapo.

Viatu vya breki vimelowa. Niliomba tuvifute na petroli.
"Kiatu kilichokwisha kunywa hakifuliwi,"
akavitupa kwenye debe, vyote viwili,
na bei yake ikalia ndani ya debe hilo.

Raba ilikuja na basi la jioni kutoka Masasi,
imefungwa kwenye karatasi ya daftari la hesabu.

Asubuhi yeye chini, mimi kwenye usukani.
"Kanyaga. Kanyaga. Kanyaga. Shikilia."
Spana ikazunguka robo.
Pedali ikaanguka mpaka sakafuni
na kwenye chupa yake mapovu yakatoka
madogo, mengi, kama mate ya ngamba.
Niliachia kabla hajaniambia.
Akanitukana kwa Kimakonde, taratibu,
kisha tukaanza upya.
Nyuma kushoto. Nyuma kulia.
Mbele kushoto. Mbele kulia.
Kila mara Chilumba akijaza kikopo kisikauke,
ulimi nje, kama anamnywesha mgonjwa.
Mpaka mapovu yakaisha,
ukashuka uzi mmoja wa mafuta safi,
na pedali ikasimama juu, ngumu,
ikakataa mguu wangu.

Somoe alinawa kwa kata moja ya maji.
Hapa juu ndoo haimwagwi ovyo.
Akataja fedha yake. Sikubishana.

Kwenye kona ya kwanza mbuzi akakatisha.
Nikakanyaga kwa mazoea, kwa hofu ya majuma matatu,
na gari likasimama pale pale kama limechomekwa ardhini.
Paji la uso kwenye kioo.
Spana ya Somoe, iliyosahauliwa juu ya dashibodi,
ikaniangukia gotini.

Na mguu, mpumbavu huyu,
gari limesimama, mbuzi ameshapita,
ukakanyaga tena.

Tuligeuza kurudisha spana.
Chilumba alifunga mlango.