Mzigo Ruhusa

Walitangaza redioni usiku, maharage yangali motoni:
boda ibebe mzigo, isibebe mtu.
Mke wangu akacheka mpaka akakohoa,
kisha akaogopa kile kikohozi, akanyamaza.
Baadaye gizani akaniuliza,
Siku ile uliponichukua kwetu Bombo
ulinihesabu nini?

Asubuhi nikafunga kreti ya nyanya juu ya kiti,
pale palipozoea mapaja ya watu
na soga za wateja nisiowajua majina.
Nyanya haziniambii angalia shimo.
Nyanya hazisahau mwavuli
nikapata sababu ya kurudi.

Barabara ya Bombo, miaka kumi na mmoja
nimeipita kama uzi kwenye tundu la sindano;
sikuwahi kuuona upana wake.
Sasa imelala wazi, tupu hadi kilimani,
na mbuzi wa Maganjo wameketi juu ya mstari mweupe
wakicheua, hawana habari na mtu.
Kandoni, kwenye vumbi, ndiko mji ulikohamia:
watu, watu, watu kwa miguu,
mwingine viatu vya ofisini kavishika mkononi
kama kuku anaopeleka kwa wakwe.

Kagoma nikamkuta Sista Kyomuhendo,
mkunga wa Kawempe. Mwanangu wa pili
alikuja duniani kwa makalio,
na ni mikono ya huyu iliyomgeuza.
Ametoka Matugga kafyu ilipoisha tu.
Barua yake ya ruhusa ingali ofisini:
inangoja muhuri, muhuri unangoja karani,
karani anangoja gari,
gari halina stika.

Alikitazama kiti, akazitazama nyanya. Hakuomba.
Na mbele yetu, palepale kwenye kona,
mgambo wawili na fimbo zao za mkaratusi.
Nikamwambia, Nipe mkoba.
Mkoba ni mzigo.

Tukaenda hivyo. Mkoba umepanda,
mwenyewe anatembea.
Gia ya kwanza, mguu wangu mmoja ukigusa lami,
pikipiki ikinung'unika kama mzee aliyeamshwa.

"Umebeba nini?"
Nyanya na mkoba.
"Na huyu?"
Huyu anatembea, afande.
Akaizunguka pikipiki mara mbili
akitafuta kosa, na kosa limo humo humo, analinusa,
ila hajui lifungwe kamba wapi.
"Fungua mkoba."
Sweta. Glavu. Chapati mbili ndani ya gazeti.
Na mzani, ule wa kuning'iniza, wenye ndoano.
"Wa nyanya?"
Sista akamwambia, "Wa watoto wachanga."
Kijana akaushika. Barakoa yake ilikuwa kidevuni,
ndevu zenyewe hazijafika.
"Wanakuwaga kilo ngapi?"
"Tatu. Wakijaliwa."
Akautia kidole kwenye ndoano, akauvuta kidogo,
akatazama mshale ukishuka.
"Kilo tatu," akasema. "Sasa huyo
ni mzigo au ni mtu?"
Hakuna aliyemjibu. Mwenzake alikuwa akipiga miayo.
Tukapita.

Mpaka lango la hospitali tulitumia muda
ambao zamani ningekwenda mjini na kurudi.
Alinisimulia habari za mahindi ya mama yake,
nami nikamsikia, kwa mara ya kwanza abiria
hapigi kelele kuushinda upepo.
Nyanya za chini zilipondeka kwa joto la jua.
Mwenye nyanya alinikata elfu nne.

Saa nane nilikuwa nyumbani, kama amri ilivyotaka.
Nikakifuta kiti ijapokuwa hakikuwa na vumbi.

Kesho yake, nikipinda pale Kagoma,
nikawaona tangu mbali: watu saba
wamesimama umbali wa mita mita, kama walivyofundishwa,
Sista wa tatu kutoka mwisho,
na kila mmoja ameninyooshea mkoba.

Wakaniuliza nauli ya mkoba ni shilingi ngapi.
Nilikuwa nafungua kamba.
Nikasema sijui.
Twendeni kwanza.