Robo Saa Kabla ya King'ora

Rannvá, uliniuliza jana wakati wa chai,
glavu zako zikinuka chewa bado,
mawazo yangu nayapata wapi.
King'ora kikalia kabla sijajibu,
tukarudi kwenye mkanda, kila mtu na kisu chake.
Usiku nimelitafuta jibu. Si zuri sana:
siyapati. Nayakuta mezani.

Meza ile ilikuwa ya chakula.
Miaka sita nilitoa vifaa kabatini, nikavirudisha,
nikafuta, nikapanga,
na muda wa kuchonga ukaliwa na kupanga.
Jumapili moja nikamwambia Hjalgrím:
kuanzia leo supu tutainywa magotini.
Alinuna wiki mbili, kisha akazoea.
Sasa linoleamu inalala palepale, patasi juu yake.
Naamka saa kumi alfajiri, miguu mitupu,
na mkono unaanza
kabla kichwa hakijapata la kulalamikia.

Robo saa, basi.
Siku nyingine inatosha mkwaruzo mmoja tu,
bawa lisilofanana na bawa.
Hata utamu ukinikolea naacha,
naondoka na njaa yangu
nikaitembeze kutwa nzima kati ya masanduku ya barafu.

Nilipokuwa na rangi kumi na mbili
sikuchapa kitu. Nilizitazama.
Kisha dhoruba ikazuia meli ya mizigo,
Klaksvík nzima ikabaki na kopo moja la wino mweusi,
na kopo hilo nikalinunua mimi.
Miezi minne: ukungu mweusi, jiwe jeusi,
mama akisokota sufu nyeusi.
Ndipo nikajua karatasi nayo ni rangi.
Siku hizi nikikwama siongezi kitu. Najinyima.

Halafu kuna ndoo.
Mna chapa zilizoharibika, mia na ngapi sijui.
Zamani nilizichana. Sasa naziandika mgongoni kwa penseli:
wino ulizidi.
nilikuwa na hasira.
mkono ulisema kweli, jicho likadanganya.
Februari, jua likichungulia na kujirudia zake,
kichwani hamna hata chembe,
naimwaga ndoo sakafuni
nakaa katikati ya makosa yangu kama mwenye duka.
Sijawahi kuinuka mikono mitupu.

Lakini mdomo, Rannvá, mdomo uufunge.
Nilimsimulia Beinta mradi wote:
chapa ishirini za watu wa kiwandani,
mikono tu, bila nyuso.
Akanisifu. Nikashiba.
Mwaka ukapita sijachonga hata ukucha.
Mara ya pili sikusimulia, nilimpelekea
chapa tatu mbovu, wino haujakauka.
Akanyamaza. Akaweka kidole kwenye ya kati:
"Huyu Jákup. Gumba lake lile."
Kile kimya chake nimekitumia mpaka leo.

Nikaenda maktaba nikaomba ukuta,
tarehe tatu Novemba, nikiwa na tisa tu.
Mkutubi akaandika kwa kalamu isiyofutika.
Zilizofuata zilichongwa na hofu,
mimi nilishika patasi tu.

Tarehe ikafika zikiwa kumi na saba.
Nikatundika kumi na saba
na misumari mitatu mitupu.
Mzee mmoja akauliza msumari wa mwisho bei gani.
Sijui kama alikuwa akitania.

Nawe usidhani sikukuona juzi
ukipanga magamba juu ya chuma, safu kwa safu,
makubwa nje, madogo ndani,
ukayafagia kwa kiwiko msimamizi alipopita.
Kabati lako ni namba arobaini na moja, sivyo?
Nimekuachia patasi ndogo, nimeifunga kwa soksi.
Ni butu kidogo.
Usingoje niinoe.