Utenzi wa Punda Gazeti

Mimi ni mwashi, jamani,
kazi yangu ukutani,
kalamu sina nyumbani,
ila leo natubia.

Sikuiba, sikuroga,
wala sikupiga soga;
ni tikiti nalimega,
mbio likaharibia.

Yupo punda wa Shekuwe,
mbeba mchanga na mawe,
hana siku apumuwe,
Gazeti jina, sikia.

Habari za Mkomani
huzifikisha Langoni,
na gunia mgongoni,
mwenyewe ametulia.

Nyumba ya Mzee Lali
najenga mwaka wa pili,
ukuta waikabili
pwani ya kushindania.

Pwani hiyo si ya jana,
mababu walishindana,
na mizinga ikaona,
isiweze simulia.

Maulidi yakafika,
na mji ukafurika,
wanawake wakashika
madari kuchungulia.

Wageni wenye kamera,
polisi wana bakora,
nami, kwa kofia bora,
jiwe nimelikalia:

jiwe langu la kazini,
na tikiti mkononi,
jua limo utosini,
kiu naitulizia.

Shekuwe hana tandiko,
wala hashiki kiboko,
saba mgongoni iko,
kwa rangi kaandikia.

Jana yake alisema:
"Fundi, nikishinda vyema
nampa mabati mama,
mvua inamwingilia."

Nami nikamjibu: "Mwana,
Gazeti hachoki sana,
na kesho mzigo hana,
nani wa kumfikia?"

Filimbi ikasikika,
vumbi kule likazuka,
punda kumi wakaruka,
mmoja kajilalia.

Wa pili, punda wa Shela,
alivamia chakula,
kachumbari akaila,
mwenye meza akalia.

Mbele? Gazeti wa mbele!
Masikio ja mishale,
watu pande huku, kule,
jina wakishangilia.

"Gazeti! Soma Gazeti!"
Mmoja kavua shati,
mzee kapanda kiti,
karusha yake kofia.

Aliye nyuma ni mbali,
nafasi ya nyumba mbili;
mabati naona kweli,
mvua yaizuia.

Kwa furaha nikaruka,
tikiti nimelishika,
mkono ukanyanyuka,
nikawa nampungia.

Gazeti akaniona.
Heri tusingejuana!
Sababu kila mchana
hapo humsubiria,

mchanga nikimtua,
ganda naye hulijua,
harufu aitambua,
kiganja hunilambia.

Akasimama. Kabisa.
Kwato zote zimenasa.
Shekuwe akamkosa,
shingoni akapitia.

Punda pua kanyoosha,
mkononi kafikisha,
akatafuna, si kwisha,
macho ameyafumbia.

Saba wote wakapita,
vumbi likatufuata;
nilitamani kunyata,
shimoni nikaingia.

Aliyeshinda? Ni punda
wa Mzee Lali, kinda,
hajabeba hata tunda
tangu ajue dunia.

Shekuwe hakunisuta,
hakupiga, hakuteta,
vumbi gotini kafuta,
punda kamkumbatia.

"Kesho tuje saa ngapi?
Mchanga tumwage wapi?"
Jibu langu lije vipi?
Chini nikainamia.

Kesho yake, bado giza,
Gazeti kajitokeza,
mchanga umemkaza,
jiweni akafikia.

Nyumba ya Lali yapanda
kwa nguvu za huyu punda;
kinda ajilia tunda,
kivulini atulia.

Ujira nitaopata,
mabati nitatafuta,
hata yenye kutu, hata
kwa deni nikiingia.

Ila tikiti siachi,
ganda lake simfichi;
mbio zikirudi, nchi
siku hiyo nakimbia.