Maelekezo ya Kujiunga

Fomu ya shule ina kurasa tano.
Nimeisoma hadi mikunjo imechanika:
godoro futi mbili na nusu, ndoo mbili zenye mifuniko,
jembe na mpini wake, rimu ya karatasi,
tranka la bati, kufuli imara.
Ukurasa wa nne wanasema:
asije na chochote kisichotajwa humu.

Elineema akasema, uza vyote, Mama.
Alisema akiwa amenipa kisogo,
akitia kwenye kiroba cha mchele vijiko vya plastiki,
visufuria alivyosongea udongo wa Pasua ukawa ugali,
lori la waya alilosokota mjomba wake Ndetaramo,
magurudumu ya kandambili, moja jekundu, matatu ya bluu,
na dubu.
"Hata huyu?"
"Mimi naenda kidato cha kwanza,"
akajibu, kama mtu anayetaja cheo.

Dubu huyo nilimtoa Kiboriloni miaka kumi iliyopita.
Alimwagika kutoka kwenye belo pamoja na makoti mazito,
ambayo hata watu wa Rombo wangeyatolea jasho.
Unyayoni alikuwa na jina kwa wino wa bluu,
la mtoto wa nchi nisiyoijua.
Nikalifua mara tatu. Halikutoka lote.
Ikabaki O.
Ndiyo herufi ya kwanza mwanangu kuisoma,
kabla ya a, kabla ya darasa, kidole juu ya unyayo:
O, Mama. Kama yai.
Kama mdomo wako ukishangaa.

Basi Jumamosi nikambeba kumrudisha alikotoka.
Mama Mchomvu akanimegea kona ya turubai lake.
"Midoli haina soko kama mashuka," akanionya.
"Anayelia ni mtoto, anayelipa ni mzazi,
na mzazi wa Januari unamjua."
Kweli. Mpaka saa sita ni vijiko tu, mia mbili.
Lori likachukuliwa na fundi baiskeli, mtu mzima kabisa.
Hakusema ni la nani.
Alilisukuma mwenyewe, ameinama, hadi kwenye kona ya mabanda,
akidhani hatumwoni.

Kisha akaja bibi na mjukuu wake,
sare mpya imemzidi, mikono imekunjwa mara mbili.
Mtoto hakuuliza bei.
Akauliza, "Anaitwa nani?"

Nikafungua mdomo.
Miaka kumi nimesema *lile dubu lako*:
liondoe mezani, lianike, linanuka maziwa.
Jina walikuwa nalo wao wawili,
la kunong'onezana taa ikishazimwa.
Nikamwonyesha unyayo.
"O," akasoma, polepole,
na bibi akafungua fundo la kanga,
akahesabu elfu moja, sarafu juu ya sarafu.

Usiku tunapanga tranka.
Soksi ndani ya viatu, sabuni mbali na sukari.
Elineema anatia alama kwenye fomu kwa penseli.
"Ulimuuza?"
"Kamchukua msichana. Wa Majengo, nadhani."
"Ulimwambia lile sikio, ulilolishona kwa uzi wa gunia?
Linakwaruza. Alale naye upande wa kulia."
"Sikumwambia."
"Na kwamba hapendi taa izimwe ghafla?"
"Sikujua, mwanangu."

Akanyamaza kiasi cha kukunja shuka moja.
"Atajua mwenyewe."

Nikaivuta ile fomu karibu na mwanga.
Kurasa tano, mbele na nyuma,
na nafasi ya mzazi ni mstari mmoja, wa sahihi.

Kufuli imara: elfu tatu na mia tano.
Elfu moja ya hiyo ni dubu.
Lilikuja na funguo mbili kwenye kipete kimoja kigumu.
Alihangaika nacho kwa kucha, kisha kwa meno,
mpaka kikaachia,
akanipa mmoja.